Age of Empires II: ufundishe wapiga mishale au warusha mikuki?

Katika mchezo huu wa kompyuta wa vita, wote hutoka jengo moja, kiwanja cha upinde, katika enzi (hatua) ya pili ya mchezo, lakini kazi zao ni mbali kabisa.

Mpiga mishale hugharimu mbao 25 na dhahabu 45, na kumfundisha huchukua sekunde 35. Dhahabu ndiyo inayouma, hasa uchumi ukiwa bado mchanga. Hata hivyo, kundi lake likifika kwenye mgodi wa adui, wanakijiji wa pale hukimbia na kazi husimama. Enzi ya tatu ikiingia, unawapandisha daraja wote kwa mpigo mmoja. Mimi huanza na huyu karibu kila mara.

Mrusha mikuki hahitaji dhahabu kabisa, na huwa tayari kwa sekunde 22. Uzuri wake uko kwenye kinga: mshale wa kawaida wenye nguvu 4 humpunguzia uhai 1 tu, ilhali yeye ana nguvu ya ziada dhidi ya wapiga mishale. Mpeleke kuwinda wanakijiji, naye atakuchosha, kwa kuwa pigo lake ni 2 tu.

Kwa hiyo tuma skauti kwanza. Ukiona adui amejenga viwanja viwili vya upinde, fundisha warusha mikuki bila kusita. Wapanda farasi wakija, wote wawili hawakufai. Kimbilia kambi ya askari wa miguu.