Hedifoni za kusikilizia metali kwa masikio yasiyovumilia sauti kali: ipi ununue Mombasa

Ukiingia duka la simu Moi Avenue au Digo Road kutafuta hedifoni, muuzaji atakuvisha, apandishe sauti mpaka mwisho, kisha akuulize, "Umeskia besi hiyo, kaka?" Kwa mpenzi wa metali, yaani muziki mzito wa gitaa (heavy metal), ambaye sauti kali humuumiza, jaribio hilo halisaidii kitu. Tunachotafuta sisi ni uzito wa muziki wenyewe, bila makali yanayochoma.

Na vitu hivyo viwili havikai mahali pamoja. Uzito wa metali uko kwenye sauti za chini, za besi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, alikatwa ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham akiwa kijana, na baadaye akalegeza nyuzi za gitaa ili zisimuumize. Sauti ikashuka, ikawa nzito, na wengi wakafuata njia hiyo. Kinachochoma kiko juu: matoazi, mkwaruzo wa gitaa, mayowe ya mwimbaji. Vingi kati ya hivyo husikika kwa nguvu kati ya hezi 2,000 na 5,000 (hezi ni kipimo cha sauti kuwa juu au chini), na hapo ndipo tundu la sikio lenyewe hukuza sauti. Halafu kuna rekodi zilizobanwa mno studioni, sehemu ya upole na sehemu ya fujo zikawa karibu sawa kwa nguvu. Albamu ya bendi ya Metallica ya mwaka 2008 ililalamikiwa na mashabiki wao wenyewe kwa sababu hiyo. Sikio halipati pa kupumulia.

Kwa hiyo napima kila kifaa kwa mambo mawili: je, kinaziba kelele za nje ili nisikilize kwa sauti ya chini? Na je, sauti zake za juu zimetulia?

Nafasi ya kwanza: za kuingia sikioni, za waya, zenye ncha za sponji

Naziweka mbele hata ya zile za bei kubwa. Sponji unaibana kwa vidole mpaka iwe nyembamba, unaiingiza, unaishikilia kidogo, nayo inavimba taratibu mpaka inajaza tundu. Honi za tuktuk za Mwembe Tayari zinasogea mbali, na unajikuta unapunguza sauti bila kulazimishwa. Sponji pia hulainisha kidogo makali ya juu. Hazifuniki sikio, kwa hiyo hata wakati wa kaskazi hutokwi jasho la bure, na hazina betri ya kukuzimikia njiani.

Nyingi huuzwa na ncha za raba peke yake, basi nunua sponji kando na uhakikishe tundu lake linaingia kwenye shingo ya kifaa chako. Kwa hewa yetu ya pwani sponji hunywa jasho na kuchakaa upesi. Ikianza kuwa ngumu, badilisha. Kama simu yako haina tundu la waya, nunua na adapta. Wako wasioweza kabisa kuvumilia kitu ndani ya sikio, au wanaokerwa na vishindo vya nyayo zao wenyewe wakitembea huku masikio yamezibwa. Hao waende moja kwa moja nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: za kufunika sikio lote, zinazozima kelele

Hizi zina maikrofoni zinazosikia kelele ya nje na kutoa wimbi la kinyume chake. Zinafaa sana kwa mngurumo usiobadilika: injini ya matatu, jenereta, feni, feri ya Likoni. Hazimzimi kondakta anayegonga bati wala honi ya ghafla, usidanganywe. Na baadhi ya watu huhisi kama masikio yamebanwa, mfano wa kushuka kwa ndege, hata muziki haujaanza. Washa mfumo huo dukani bila kucheza wimbo, ukae nao kidogo, usikie mwili unasemaje.

Aina kama Sony WH-1000XM4 zina besi nene na programu ya simu ya kurekebisha sauti, kwa hiyo makali unayapunguza mwenyewe. Joto ndilo linalozishusha daraja. Ngozi ya plastiki hulowa jasho, kisha hubanduka vipande vipande. Uliza kama mito yake ya akiba inapatikana. Na ukivuka barabara, zivue, bodaboda haitakungoja.

Nafasi ya tatu: za wazi, zisizoziba sikio

Koss Porta Pro, iliyotoka mwaka 1984 na bado inauzwa, ni mfano mzuri: nyepesi, sikio linapumua, sauti haikugandamizi. Ila kelele zote za nje zinaingia, na ngoma zako zote zinatoka. Kwa nyumba za Mji wa Kale zilizotazamana madirisha, jirani atasikiliza nawe. Mwenye chumba kimya anaweza kuipandisha mpaka nafasi ya kwanza.

Hedifoni za studio kama Sony MDR-7506 ni kazi nzuri ya watu wa rekodi, lakini sauti zake za juu ni kali; sisi tuziache. Zile za plastiki ngumu za barabarani, zisizoziba chochote, ziache pia. Zitakufanya upandishe sauti kila gari likipita.

Dukani

Nenda na simu yako na wimbo unaoujua vizuri, wenye ngoma za mbio na matoazi mengi. Kipimo kikali zaidi ninachokijua ni Duma, bendi ya Nairobi, albamu yao ya 2020. Anza chini kabisa, na usimwachie muuzaji kitufe cha sauti. Ukijiona umekunja uso au umepandisha mabega, mrudishie muuzaji hedifoni zake. Sikiliza nyimbo kadhaa, maana uchovu wa sikio huja baadaye, kisha uliza kama watapokea ukirudisha na udai risiti.

Nyumbani, kwenye ikwalaiza (sehemu ya simu ya kurekebisha sauti za chini na za juu), punguza desibeli 3 au 4, yaani vipimo vya nguvu ya sauti, kati ya hezi 2,000 na 5,000, bila kugusa besi. Weka kikomo cha sauti kwenye simu. iPhone na Samsung zote zinacho. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima. Zikifika 90, muda huo unabaki saa 4 tu.

Kwa onyesho la jukwaani nunua vizibo vyenye kichujio, vinavyoshusha sauti zote karibu kwa kiwango kimoja. Vya sponji huufanya muziki usikike kama uko chini ya maji. Usivivae kutwa nzima nyumbani, kwa sababu sikio likizoea ukimya huzidi kuwa jepesi kuumia. Na kama hata mazungumzo ya kawaida yanakuuma, au mlio masikioni haukomi, tangulia kwa daktari wa masikio kabla ya kununua chochote.