Kukaa kwenye kaunta au kupanda basi?

Wanafunzi weusi wa Marekani walikuwa na njia mbili kubwa za kuupinga ubaguzi bila kurusha hata jiwe.

Ya kwanza ni kukaa. Februari 1, 1960, vijana wanne wa chuo cha North Carolina A&T waliketi kwenye kaunta ya chakula, ya weupe tu, ya duka la Woolworth mjini Greensboro, wakaagiza kahawa. Hawakuhudumiwa, nao hawakuondoka mpaka duka likafungwa. Kesho yake wakarudi, wamezidi. Uzuri wa njia hii, iko mlangoni pako: unatoka darasani, unakwenda kuketi, usiku unalala bwenini. Tena inamuuma mwenye duka mfukoni. Julai ya mwaka huohuo kaunta ikafunguliwa kwa wote.

Ya pili, misafara ya mabasi ya 1961, weusi na weupe wakipanda pamoja mabasi ya kwenda majimbo ya Kusini, ilikuwa moto kwelikweli. Mei 14 basi moja lilichomwa karibu na Anniston, Alabama. Wengi tungeishia hapo. Diane Nash, kiongozi wa wanafunzi wa Nashville, Tennessee, akapeleka kundi jingine, na waliofuata wakajaza jela za Mississippi. Lakini tazama walichopata: amri ya serikali kuu, kuanzia Novemba 1, iliyoondoa vibao vya "weupe" na "weusi" kwenye vituo vya mabasi yavukayo majimbo.

Mimi ningeanza na kaunta. Basi linataka watu waliozoea kupigwa bila kurudisha, na wale wa Nashville walikuwa wamefunzwa hivyo na James Lawson, mwalimu wa kupinga bila vurugu, tangu 1959.