TAHADHARI: Seti za waya na relei za feni ya rejeta Mtwara mjini, kwangua kabla hujalipa

Ndugu zangu madereva wa Mtwara na Lindi, kuna mzigo wa seti za waya za feni unauzwa Mtwara mjini. Nusura uniunguzie gari, na mpaka jana bado ulikuwa umetundikwa dukani.

Feni yangu ilianza kusuasua, mara inazunguka mara inagoma. Muuzaji akaita fundi wake pale pale nje ya duka, akaniambia relei, ile swichi ya umeme inayowasha feni, imekufa na waya wote umechoka. Nikalipa Sh 45,000 kwa seti mpya, relei imeandikwa 40A, yaani ampea 40. Relei yangu ya zamani niliitaka, nikaambiwa imeshatupwa.

Siku ya nne natoka Masasi na abiria wanne, napanda mlima wa Newala, mshale wa temperecha huo unapanda, feni kimya. Kufungua boneti, harufu ya plastiki iliyoungua. Relei imeyeyuka, ganda la waya limegandana na bomba la rejeta. Fyuzi haikuwepo kabisa, fundi alivuta waya moja kwa moja kutoka betri. Tulikaa chini ya mkorosho zaidi ya saa nzima kusubiri injini ipoe, na mmoja wa abiria alikuwa na mtoto mchanga. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nyumbani niliukwangua ule waya kwa wembe. Juu shaba, ndani nyeupe kama sufuria: ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Aluminiamu hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya wa unene ule ule unapata moto zaidi, na kwa hewa hii ya chumvi ya pwani maungio yake huliwa upesi. Tena ganda ni nene mno. Ukiushika unadhani umepata waya mnene, kumbe nyuzi za ndani ni chache na nyembamba.

Feni ya rejeta si taa ya ndani, jamani. Nyingi za volti 12 hula ampea 15 hadi 30, na sekunde ile inapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo. Waya dhaifu bila fyuzi hauna namna ila kuwaka.

Basi ombeni wembe hapo hapo dukani. Akikataa waya wake ukwanguliwe, ondoka. Fundi akianza kazi, simama naye. Chini ya relei za kawaida kuna namba: 30 inapokea umeme wa betri, 87 inaupeleka kwenye feni, 85 na 86 ni za kuiamsha relei. Fyuzi ikae jirani kabisa na betri, maana kazi yake ni kuulinda waya. Ukiiweka mbali, kipande chote kabla yake hakina ulinzi.

Fundi yule wa dukani anafunga pia pampu za petroli kwa waya huo huo, moja kwa moja kwenye switchi. Hapa naomba mnisikilize sana. Magari mengi yametengenezwa pampu ikatike injini inapozimika. Ukiiunga moja kwa moja, gari likipata ajali na bomba likapasuka, pampu inaendelea kumwaga petroli. Kama umefungiwa hivyo, rudi kwa fundi mwingine leo.

Nilipowarudia waliniambia vitu vya umeme havina garantii. Risiti ya EFD hawakunipa, na mimi sikudai, hapo nilikosea. Nyie daini, maana bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na bila risiti huna cha kuonyesha.

Jina la duka silitaji, kwa sababu mzigo huenda umeshafika maduka mengine. Fundi wa pili niliyempelekea aligundua ugonjwa wenyewe wa mwanzo: waya wa athi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umeota kutu pale unapofungwa kwenye bodi. Aliupiga msasa, akaukaza bolti, akanitoza Sh 5,000.