Uzoefu wangu wa miaka mitatu na Honda Fit iliyotumika

Nilinunua Honda Fit ya kizazi cha kwanza, iliyotengenezwa mwaka 2005, kutoka kwa mtu aliyekuwa ameitumia kwa miaka sita, na sasa nimekaa nayo miaka mitatu na kuiendesha takriban kilomita 48,000. Sababu ya kuitafuta ilikuwa moja tu, nayo ni mafuta, kwa kuwa gari langu la awali lilikuwa na injini ya lita mbili na kila safari ya kwenda kituo cha mafuta ilikuwa inaniuma. Kuhusu nafasi sikutarajia kitu. Gari lenye urefu wa mita 3.83 na upana usiofika mita 1.7 halimpi mtu sababu ya kufikiria kubeba samani. Katika hilo nilikosea, na baadaye nikafanya kosa la upande wa pili, ambalo lilinigharimu zaidi.

Muuzaji alinionyesha odomita kwanza, kama wauzaji wengi wafanyavyo. Ilisoma kilomita 96,000. Sikubishana naye, lakini nilitazama mpira wa pedali ya breki nikaona umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia, na usukani ulikuwa umelainika na kung'aa mahali mikono inapokaa. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza zikionyesha wiki na mbili za mwisho zikionyesha mwaka wa kutengenezwa, na mbili kati ya tairi zile zilikuwa na umri wa miaka tisa ingawa kashata zake, yaani michoro ya sehemu inayokanyaga barabara, bado zilionekana nzima. Tairi la umri huo linaweza kupasuka hata kama halijaisha. Niliyataja yote hayo kwa utulivu wakati wa kupatana bei, na punguzo nililopata lilitosha kununua tairi nne mpya.

Kilichonipa wasiwasi zaidi ni giaboksi, na hapa ningemwomba anayetaka kununua gari la aina hii asiwe na haraka. Fit nyingi za kizazi cha kwanza zenye gia za kujibadilisha hazina gia za hatua. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaopita kati ya puli mbili ambazo upana wake hubadilika, kwa hiyo gari huongeza mwendo bila kushtuka hata kidogo. Kuondoka kutoka kusimama, hata hivyo, kunategemea klachi maalumu inayofanya kazi ndani ya oili, na klachi hiyo haisamehe oili isiyo yake. Kizazi cha pili, kilichoingia sokoni mwaka 2007, kiliachana na mpango huo na kutumia konveta ya toki, kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwa msukumo wa oili, na nadhani ndiyo maana mafundi wengi humshauri mteja achague kizazi hicho ikiwa mfuko unaruhusu. Wangu haukuruhusu.

Nilimwomba muuzaji tuliendeshe kwa nusu saa nzima ili oili ipate moto, kisha tukasimama na kuondoka polepole mara nyingi, mahali tambarare na kwenye mwinuko. Kwenye mwinuko gari lilitetemeka kidogo wakati wa kuondoka, mtetemo mfupi kama wa mtu aliyeshikwa na baridi. Muuzaji alisema ni mipira ya injini. Fundi niliyekwenda naye hakusema neno hadi tulipokuwa wawili, ndipo akaniambia kwamba anadhani imewekwa oili ya kawaida ya giaboksi za otomatiki. Baada ya kununua tuliimwaga, na ilitoka nyeusi yenye harufu ya kuungua. Tuliweka oili iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, tukaibadilisha tena baada ya kilomita 1,000, kwa sababu ukiifungulia mara moja haitoki yote, kisha fundi akaipa kompyuta ya gari utaratibu wa kujifunza upya mshiko wa klachi. Mtetemo ulipungua sana, ingawa asubuhi ya baridi bado huja mara mojamoja. Silaumu gari kwa hilo. Mtu aliyeweka oili isiyo sahihi alikuwa akiokoa kiasi kidogo cha fedha, na mimi ndiye niliyelipa.

Jambo la pili ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni plagi, yaani vifaa vinavyotoa cheche ya kuwasha mafuta ndani ya injini. Injini yangu, ya sentimita za ujazo 1,339, ina silinda nne lakini plagi nane, yaani mbili kwa kila silinda. Nne za mbele zinafikika kwa urahisi. Nne za nyuma zimejificha karibu na kioo cha mbele, na kuzifikia kunahitaji kufungua waipa na plastiki iliyo chini yake, kwa hiyo kuna mafundi ambao hubadilisha za mbele tu na kumtoza mteja kazi nzima. Zangu za nyuma zilikuwa zimelika vibaya mno. Baada ya kubadilisha zote nane, injini iliacha kuyumba gari likiwa limesimama na ulaji wa mafuta ukashuka. Mkanda wa taimingi, ule unaooanisha mwendo wa vali na pistoni, haupo, kwa kuwa injini hii inatumia cheni, na hiyo ni gharama moja kubwa ambayo mwenye gari hii haimhusu alimradi oili ya injini inabadilishwa kwa wakati.

Sasa nieleze nafasi, maana ndiyo iliyonifanya niipende. Katika magari mengi madogo tangi la mafuta hukaa chini ya kiti cha nyuma. Wabunifu wa Fit waliliweka tangi lake la lita 42 chini ya viti vya mbele, na uamuzi huo mmoja umebadilisha sehemu yote ya nyuma. Ukilaza mgongo wa kiti cha nyuma, kalio lake huzama lenyewe sakafuni na unabaki na sehemu tambarare kuanzia mlango wa nyuma hadi nyuma ya viti vya mbele. Ukitaka kinyume chake, unainua kalio likasimama kuegemea mgongo, na kati ya sakafu na dari unapata zaidi ya mita 1.2 za kimo. Kwa njia hiyo nimebeba friji dogo likiwa wima, jambo ambalo ni la lazima ili oili ya kompresa isihame mahali pake, na nimebeba mmea wa chunguni uliokuwa unanifika kifuani bila kuuvunja tawi. Ukilaza pia kiti cha abiria wa mbele, unapata njia ya kama mita 2.4 kutoka dashibodi hadi mlango wa nyuma, inayotosha ngazi, zulia lililoviringishwa au mbao. Rafiki yangu mwenye gari kubwa lililoinuka juu, ambaye alikuwa akiicheka Fit yangu, aliwahi kuniomba nimsaidie kubeba mlango uliokataa kuingia kwenye lake.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyonipotosha. Siku moja nilipakia mifuko saba ya saruji ya kilo 50, nikakaa mimi na fundi mwashi mbele, na bado nyuma palikuwa na nafasi tele. Macho yaliniambia kwamba gari halijajaa. Tairi za nyuma zilikuwa zimeingia ndani ya bodi, na kwenye tuta la kwanza nilisikia mpira ukisaga plastiki. Tulifika, lakini wiki mbili baadaye shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa zinavuja. Hesabu yake ni rahisi na nilipaswa kuifanya kabla: gari lenyewe lina uzito wa karibu tani moja, na katika kukokotoa uzito wa jumla wa gari Wajapani huhesabu kilo 55 kwa kila mtu, hivyo watu watano ni kilo 275. Mimi nilikuwa nimepakia kilo 350 za saruji peke yake, na nyingi zilikuwa nyuma ya ekseli. Tangu siku hiyo vitu vikubwa vyepesi navibeba bila wasiwasi, na vizito nakodi pikapu.

Barabarani gari ni jepesi na linageuka mahali pafinyu kwa namna inayofurahisha, kwani nusu kipenyo cha mzunguko wake ni mita 4.7. Nguvu zinatosha kwa mtu mmoja au wawili. Ukiwa na watu wanne na mizigo, kupita lori kwenye mwinuko kunahitaji kupangwa mapema, na injini hulia kwa sauti ya juu isiyobadilika ambayo abiria wageni hudhani ni hitilafu. Katika foleni za mjini napata kilomita 12 hadi 13 kwa lita, na katika safari ndefu kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa nimewahi kufika 17. Kiyoyozi kikiwashwa mlimani, utakihisi mguuni.

Kimo cha chini ya gari ni karibu sentimita 15, na kwa kuwa tangi liko katikati, sipendi kulipitisha juu ya mawe. Kwenye matuta marefu huwateremsha abiria, na wao hunishukuru kwa sauti ya kejeli. Kelele za tairi huingia ndani kwa wingi kwenye lami iliyokwaruzika, na viti vya mbele huanza kuchosha kiuno baada ya saa tatu. Plastiki za ndani ni ngumu lakini hazijavunjika.

Taa za mbele zilikuwa na ukungu wa manjano, nikazisugua kwa msasa laini wa maji na kuzipaka dawa. Zilikaa safi kwa miezi minane, kisha ukungu ukarudi. Nimeshanunua msasa mwingine.