Kliniki ya wanyama ya Ntinda na paka wangu mzee
Shilingi ana umri wa miaka 16, na baada ya kumwona akinywa maji kupita kawaida huku mbavu zake zikianza kuhesabika chini ya manyoya, nilimpeleka katika kliniki ndogo ya wanyama hapa Ntinda, Kampala. Daktari hakuwa na haraka. Alitandaza taulo juu ya meza baridi ya chuma kabla ya kumweka, akamwacha anuse stetoskopu, kisha akamtoa damu kidogo na kunieleza kwamba figo zake, kama ilivyo kwa paka wengi wazee, zimechoka na hazitapona, ingawa chakula laini chenye fosforasi kidogo pamoja na maji ya kutosha vinaweza kumwongezea siku njema. Alinikataza pia kumpa parasetamoli, kwa kuwa hata kidonge kimoja huweza kumuua paka. (Nilikuwa nimekwisha kukinunua.)

Lawama yangu ni moja: paka na mbwa hungojea katika chumba kimoja, na Shilingi alitetemeka kifuani pangu karibu saa nzima. Hata hivyo, tutarudi. Dagaa wa mukene anaowapenda nimewapunguza, naye hunitazama kwa hasira kila jioni kabla ya kupanda mapajani.