Uzoefu wangu na zoompan ya FFmpeg: kuvuta picha karibu bila kutetemeka

Kwa kuzipa mwendo picha mnato, ule wa kuvutwa karibu taratibu kama katika filamu za mtengenezaji filamu Mmarekani Ken Burns, natumia FFmpeg, programu ya kuchakata video kwa amri za maandishi, na kichujio (filter) chake cha zoompan. Nakipendekeza kwa yeyote mwenye picha nyingi za kuandaa: ukishapata amri sahihi, picha mia moja zitatoka na mwendo uleule. Ila ukikitumia hivihivi, bila kuiandaa picha kwanza, video inatetemeka, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa.

Chanzo ni hesabu ya pikseli. Kwa kila fremu, zoompan hukata kipande cha picha na kukipanua hadi ukubwa wa video. Kona ya kipande hicho haikai kwenye nusu pikseli, na rangi zikiwa katika mpangilio wa yuv420p (pikseli nne hugawana rangi moja) huruka pikseli mbili mbili. Chukua picha ya 1920x1080 inayovutwa kutoka 1 hadi 1.2 kwa fremu 150. Kona inatakiwa isogee pikseli 160 kwa mlalo na 90 kwa wima, yaani takriban 1.07 na 0.6 kwa fremu. Kwa kuwa huruka mbili mbili, mlalo unasogea karibu kila fremu ya pili, wima karibu kila ya tatu, wala haviendi pamoja. Kama ni picha ya mlango wa Unguja, kodolea macho msumari mmoja wa shaba: utauona ukicheza pembeni, kisha chini, kisha pembeni tena.

Dawa ni kuikuza picha mara nne kabla ya zoompan, na kuipeleka yuv444p, ambapo kila pikseli ina rangi yake:

ffmpeg -i mlango.jpg -vf "scale=7680:4320:force_original_aspect_ratio=increase:flags=lanczos,crop=7680:4320,setsar=1,format=yuv444p,zoompan=z='1+0.2*on/149':x='0.5*(iw-iw/zoom)':y='0.5*(ih-ih/zoom)':d=150:s=1920x1080:fps=25,format=yuv420p" -c:v libx264 -crf 18 mlango.mp4

Sasa ruko la pikseli moja ni robo ya pikseli kwenye video, na jicho halilioni. Gharama yake ni muda na memori: fremu moja ya ukubwa huo inakula karibu MB 100, kwa hiyo kompyuta dhaifu itajikokota. Mara mbili, yaani 3840x2160, inatosha kwa video ya kutazamwa kwenye simu tu. Kukuza huku hakuongezi undani wa picha. Kama ya asili ina upana chini ya pikseli 2304, mwishoni itafifia kidogo.

Ile 0.5 ya kwenye x na y ndiyo ninayoithamini kuliko yote. Ukitaka kuvuta kuelekea msumari ulio asilimia 62 ya upana, weka 0.62 kwenye x, basi, na msumari hautahama mahali pake kwenye kioo. Fomula inayonakiliwa sana, iw*0.62-iw/zoom/2, inadai kipande kitoke nje ya picha, hivyo zoompan inakibana ukingoni. Hadi zoom ifike kama 1.32 utakuwa unavuta ukingo wa kulia, si msumari.

Crop usiiruke: bila uwiano wa 16:9, zoompan inaibana picha na nyuso zinanenepa. Usiweke -loop 1 pia, maana kila nakala ya picha itazaa fremu 150 na faili halitakwisha. Ukitumia min(zoom+0.0015,1.5) kwenye z badala ya fomula yenye on (namba ya fremu), izungushie alama moja moja za kunukuu, la sivyo koma inahesabiwa kama mwisho wa kichujio na FFmpeg inalalamika haijui kichujio kinachoanza na 1.5). Format ya mwisho nayo ibaki, kwa sababu simu nyingi hazichezi video ya yuv444p.

Kwa mwendo unaoanza na kuisha polepole, z='1+0.1*(1-cos(PI*on/149))' inapendeza zaidi ya mstari ulionyooka. Hapo usipunguze ukubwa wa 7680, kwa kuwa mtetemo huonekana zaidi pale mwendo unapokuwa wa pole kabisa, mwanzoni na mwishoni.