Kunyooshwa matege ukubwani: uzoefu wangu

Nimekua na matege, hayakunisumbua mpaka nilipoukaribia umri wa makamo na goti la kulia likaanza kuuma upande wa ndani tu. Vidonge, sindano ya gotini, kupunguza kilo: nafuu ya muda.

Daktari wa mifupa aliagiza eksirei ya mguu mzima, nyonga hadi kifundo, nikiwa nimesimama. Ukipigwa umelala, uzito wa mwili hauonekani unapoangukia. Akachora mstari toka nyonga hadi kifundo. Kwangu ulipita upande wa ndani wa goti, mbali na katikati. Hata mguu ulionyooka, ukitembea, upande wa ndani hubeba kama asilimia 60 hadi 70 ya mzigo. Mwenye matege huuzidishia, na gegedu la hapo, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ndilo linalolika.

Katika upasuaji, goti lenyewe halikuguswa. Mfupa wa muundi ulikatwa chini kidogo ya goti kutokea ndani, ukaachwa umeshikana kidogo upande wa nje, ukapanuliwa pole pole, ukafungwa kwa chuma na skrubu. Mstari ule ukasogezwa upite nje kidogo ya katikati, ili gegedu ambalo bado zima nalo lifanye kazi.

Kabla hujasaini fomu, muulize daktari wako habari za kano ya upande wa ndani, inayounganisha mfupa wa paja na muundi. Mfupa ukipanuliwa, kano hiyo hukazika kama kamba ya upinde na kuligandamiza goti upya. Vipimo vilivyofanywa kwenye magoti ya maiti vilionyesha kwamba isipolegezwa, presha ya upande wa ndani inaweza kupanda badala ya kushuka, hata kama mguu umenyooka vizuri. Daktari wangu aliilegeza, na alinieleza mapema.

Wiki za mwanzo ni ngumu, na magongo yanachosha mabega kuliko mguu. Mfupa huchukua miezi kuunga. Mvuta sigara huchelewa zaidi.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya chuma: kilikuwa chini ya ngozi tu, na kusujudu kulinishinda, nikasali kwenye kiti hadi kilipotolewa. Aliyelika goti pande zote mbili asihangaike na hii, azungumze na daktari kuhusu goti bandia. Mimi sasa napanda ngazi bila kushika ukuta. Kushuka bado naenda taratibu.